Kuta za Kete kwenye Barza ya Madamu Eleni

Siku yangu ya kwanza kazini nilizigandisha kete kwa bukari, ugali wetu. Nalisema hili mapema, Ilunga, kwa sababu utalisikia kwa watu wengine, na watu wengine watakuambia nilitumia simenti. Simenti sikutumia. Nilichukua bukari ya jana iliyobaki chunguni, nikaiponda na maji mpaka ikawa laini kama udongo wa kujengea, nikaipaka kidogo kidogo kwa ncha ya kijiko. Kisha nikapanga kila kete ya juu ikalie mwanya wa mbili za chini, kama Furere, bruda wa misheni, anavyotufundisha kwa matofali kila asubuhi: mwanya juu ya mwanya, nyumba itaanguka. Kuta zangu hazikuanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Mimi sasa ni mstaafu. Nina miaka kumi na mitano, bado nasoma uashi kwa Mafurere, bado nachapwa nikichelewa misa, lakini tangu Jumapili iliyopita kazi ya kujenga kuta si yangu tena. Ni yako wewe, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Wazee wa reli wakistaafu huketi mbele ya nyumba na kukueleza kila behewa walilolipakia tangu ujana, utake usitake. Mimi nitakueleza kuta. Habari za cheo nitaziacha: niliingia mjenga kuta, nikatoka mjenga kuta. Mshahara ulikuwa biskuti, na nyingine zilikuwa na sisimizi.

Kwanza ujue ni kazi ya nini. Madamu Eleni, yule Mgriki mwenye duka la nguo na taa, ana desturi ya kuwakaribisha watu watatu kwenye barza yake, ile veranda ya mbele, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wanacheza mchezo wa kete za mfupa na mwanzi, ulioletwa na Bwana Morita, Mjapani anayeuza vitambaa vya pamba. Alipofika Élisabethville kwa treni ya kutoka kusini, watu wa ofisi hawakujua wamketishe benchi gani, la wazungu au la wengine. Madamu hakuuliza. Alikuwa na kiti kitupu mezani, basi akamketisha. Wa tatu ni Mwitaliano mwenye kampuni ya ujenzi. Sisi tunamwita Bwana Simenti. Wa nne ni Mbelgiji wa reli, mpimaji, ambaye hupima hata kivuli chake kabla ya kuketi, naye tunamwita Bwana Pima-Pima. Ukiwa mbele yao sema “Bwana” tu.

Kabla ya kucheza, kete zote hulazwa kifudifudi, zinavurugwa, halafu kila mchezaji anajenga ukuta mmoja mbele yake: kete kumi na saba kwa urefu, mbili kwa kimo. Kuta nne zinasogezwa zikutane, ua mdogo unabaki katikati. Baadaye watu wanachukua kete kutoka kwenye kuta hizo, kwa zamu. Hapo umeelewa ubaya wenyewe: anayejenga ukuta akijua anachokiweka na pahali anapokiweka, ameshashinda kabla ya kahawa kufika.

Na Bwana Simenti alikuwa anashinda sana. Bwana Pima-Pima alianza kusema kwamba mtu wa kampuni ya ujenzi hawezi kujenga hata ukuta wa kete bila kuiba. Bwana Simenti akajibu kwamba reli yote ya Katanga imepinda, na kila mtu anajua nani aliipima. Wakaachana hivyo, na Jumapili mbili barza ikakaa kimya, Madamu akizunguka nyumbani kwa hasira huku akimtafutia mjomba makosa ya chumvi. Mjomba Kapenda ni mpishi wake, hilo unalijua. Ndipo Madamu akapata shauri: kuta zote nne zijengwe na mtu asiyejua kete hata moja. Mjomba akasema anaye, mtoto wa dada yake, anasomea uashi, mikono yake imenyooka, na kwa mambo ya mchezo ule ni mjinga kabisa. Aliyasema kwa fahari. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia fahari hiyo.

Madamu akamgeukia mjomba, akasema: “Bon. Lakini Kapenda, siku atayua, weye njo utafunga mizigo.”

Nyumba ile ya nyuma ya uwanja, ambamo mama na mimi tumelala tangu baba alipokufa, ni nyumba ya kazi. Mpishi akiondoka, nyumba inaondoka naye, na sisi tunaondoka na nyumba. Basi kazi yangu ya kweli haikuwa kujenga kuta. Ilikuwa kutojua.

Nikaanza vizuri sana. Siku ya bukari, Bwana Simenti alinyoosha mkono achukue kete moja, zikaja tano zimeshikana kama vifaranga chini ya mama yao. Akazitazama. Akaugonga ukuta kwa ukucha, akasema kwa Kiitaliano neno ambalo baadaye nilimuuliza Furere, nikapigishwa magoti saa nzima. Madamu alisimama aniondoe barzani kwa sikio. Lakini Bwana Morita alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, akamwambia Madamu kwamba walikuwa wanatafuta mtu asiyejua kitu, na mji wote huu hawatampata anayenishinda. Hata Bwana Pima-Pima alikubali. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wengine huonyesha vyeti.

Adhabu ilikuwa kuziosha kete zote. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na beseni la maji ya vuguvugu na unyoya wa kuku, nikitoa bukari iliyokauka ndani ya michoro. Bukari ikikauka kwenye mchoro haionekani, inaguswa tu. Basi nilikuwa napitisha kidole gumba juu ya kila uso: hapa kuna miduara, hapa kuna fimbo, hapa kuna ndege, hapa hakuna kitu, laini kama kipara cha Padri Mkuu. Nikirudi shuleni kushika matofali, gumba bado lilikuwa linakumbuka. Sikulituma likumbuke.

Mwalimu wangu wa kuta ni Bwana Morita. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kama maneno kumi hivi, na yote ni ya kupunguza bei. Alifundisha kwa mikono. Alinionyesha kupanga mstari wa kwanza wa kumi na saba, halafu wa pili mbele yake, karibu na kifua. Huu wa karibu unaubana kwa ncha zote mbili, vidole vya mwisho vikiwa walinzi wa mwanzo na mwisho, unasukuma ndani kana kwamba unataka kuufupisha, halafu unauinua wote kwa pamoja na kuuketisha juu ya mwenzake. Ukibana kidogo, tumbo la mstari linaanguka. Ukibana sana, unapinda kama mgongo wa paka na kete zinaruka mpaka ndani ya vikombe. Nilimwangushia Bwana Pima-Pima kete kwenye kahawa mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa. Jizoeze kwa matofali madogo ya udongo, yale ya kuchezea, nyuma ya choo, ambapo hakuna mtu atakayekuuliza.

Kumbuka pia kwamba kwenye mchezo huu mwanya unakaa juu ya mwanya, kinyume cha kila kitu unachofundishwa. Furere asisikie. Ukuta usiwe sambamba na ukingo wa meza. Sukuma ncha yake ya mkono wa kuume mbele kidogo, ili kila mtu aufikie bila kuinuka. Zile kete nane zenye maua ziache kwenye droo ya sanduku. Bwana Morita anasema kwao hawazitumii, na Madamu humwuliza kila mara mbona aliziingiza nchini kama hazina kazi. Ukimaliza kujenga, rudi kusimama kwenye nguzo ya barza. Wao watatupa dadu, watahesabu kutoka upande wa kuume, watavunja ukuta. Marundo saba ya mwisho, ya kete mbili mbili, yanatengwa, hayachukuliwi na mtu; usiyaegemee, usiyapigie chafya.

Vifaa ni vichache. Blanketi la kijani linatandikwa mezani, upande wa manyoya juu, kete zisipige kelele. Nilichonga rula ya mti wa mulombwa kwa kunyoosha mistari, urefu wake ni kete kumi na saba kamili, ili nisihesabu kwa mdomo kama mtoto wa katekisimu. Nimekuachia. Kitambaa kikavu ni cha lazima, maana upepo ukitoka upande wa bomba kubwa la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, moshi unashuka barzani na kila kete inavaa masizi. Na wakati wa kipupwe, kwa ile baridi ya asubuhi inayobaki kwenye vidole mpaka mchana, pasha mikono kwenye jiko la mjomba kwanza. Vidole baridi havijui vinabana kiasi gani.

Kesi ngumu zilikuwepo. Jumapili moja ukuta wa nne ulikuwa mfupi kwa kete moja. Bwana Pima-Pima akalipima pengo kwa macho na kutangaza kwamba ameibiwa. Tukatafuta chini ya meza, chini ya mbwa, chini ya Madamu. Ilionekana kwenye pindo la suruali ya Bwana Simenti, imeingia humo alipopanga miguu vibaya. Siku hiyo walitukanana mpaka walipochoka, wakacheza kwa amani kuliko siku zote. Halafu wakati wa mvua, bati likipiga kelele hata mtu asisikie jirani yake, mimi peke yangu ndiye niliyefurahi: hakuna aliyeweza kunituma kitu.

Sasa nifike pahali pagumu. Jioni moja nilikuwa naweka kete sandukuni, mjomba akipangusa meza. Bila kutazama, nilikuwa nazitenga kwa gumba: fimbo huku, miduara kule, ndege peke yake. Nilikuwa naimba. Nilipoinua macho mjomba alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Akachukua kete moja, akaifunika kwa kiganja, akaileta chini ya gumba langu. Nikamwambia ni ipi. Akaigeuza. Ilikuwa hiyo.

Mjomba Kapenda ni mtu wa kanisa. Kabla ya kupokea komunyo hamezi hata mate. Alikaa kwenye kiti cha Bwana Simenti, jambo ambalo sijaliona kabla wala baadaye, akaniambia polepole: “Kuyua, unayua. Kutoa kichwani haiwezekani. Lakini mikono yako isiyue.”

Tangu siku hiyo nilibadili namna ya kujenga. Sikiliza vizuri, maana hili ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoandika. Kete inashikwa kwa mbavu, si kwa tumbo. Gumba linabaki nje, juu, linaonekana na watu wote. Husukumi kete kwa ncha za vidole. Unaikokota kwa kiganja kilicho wazi, kifudifudi juu ya blanketi. Hii ni polepole zaidi, na mwanzoni wachezaji walinung’unika. Niliwaambia Furere ametufundisha mtindo mpya. Mwezi mzima gumba langu lilikuwa linawasha, kama mtu aliyekatazwa kujikuna mbele ya askofu.

Jumapili iliyopita nilijenga kuta nne hivyo hivyo, nikarudi nguzoni. Mchezo ulikuwa wa kawaida mpaka Bwana Simenti alipolaza kete zake mezani. Alikuwa nazo nyekundu tatu, kijani tatu, na zile tupu nyeupe tatu, zote pamoja. Bwana Morita alivuta pumzi. Alisema ameishi na mchezo huu tangu utoto na mkono kama huo ameuona kwa macho mara chache sana.

Bwana Pima-Pima hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alizima sigara, akasema yeye amelaza reli miaka mingi, anajua kitu kilichojipanga chenyewe na kitu kilichopangwa na mtu. Akaniita. Akatia kete moja chini ya pindo la blanketi, akaniambia niingize mkono, niguse, niseme. Niligusa. Alikuwa yule ndege. Nikasema sijui, Bwana.

Akatabasamu. Akasema mtoto asiyejua hubahatisha, hucheka, hutaja chochote; huyu hakubahatisha hata kidogo, basi huyu amefundishwa kukaa kimya. Halafu macho yake yakaniacha, yakaenda mlangoni, ambako mjomba alikuwa amesimama na sinia la kahawa. Akauliza ni nani hulitoa sanduku kabatini. Akauliza ni nani aliyemleta mtoto huyu. Alikuwa anauliza kwa upole, kama mtu anayepiga vigingi vya kupimia kiwanja ambacho tayari anajua kitakuwa cha nani.

Madamu Eleni aligeuka kwenye kiti. Alishika msalaba wake wa shingoni, sijui kwa makusudi au kwa desturi. “Kapenda,” alisema. “Mutoto anayua ao hayui?”

Nilimwona mjomba anafungua mdomo. Ninamjua. Akisema “hayui”, amedanganya mbele ya msalaba, na mtu yule atakufa na hilo. Akisema “anayua”, basi amelijua na kulificha, na mizigo itafungwa jioni hiyo hiyo, chungu cha mama kikiwa bado motoni. Mimi ni mtu wa utani, Ilunga, unanijua, siku hiyo nilitafuta utani mmoja tu wa kutupitisha pale na sikuupata.

“Ninayua,” nilisema. “Ile ya Bwana ni ndege. Niliyua na vidole, siku ya kuosha. Mujomba hayui kama ninayua.”

Bwana Pima-Pima akaitoa kete. Ndege. Akaweka nyingine, na nyingine, na nyingine, nami nikazitaja zote, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu kwenye misa. Madamu alikuwa anamtazama mjomba, si mimi. Mjomba alikuwa anatazama kahawa.

Ndipo Bwana Morita aliposema kwamba kujua ni jambo moja na kuiba ni jingine, na mtu anayesoma kwa gumba ni lazima gumba lipite chini ya kete. Hayo aliyasema kwa Kifaransa, halafu akanigeukia na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole: “Mwaka muzima mi naangalia gumba yake. Iko inje.” Akavuruga kete zote kwa mikono miwili, akanionyesha meza. Jenga.

Nikajenga. Wanne wale waliinamia meza mpaka nikasikia harufu ya kitunguu ya Bwana Simenti. Nilikokota kwa kiganja, nikashika kwa mbavu, nikabana, nikainua kumi na saba juu ya kumi na saba, mara nne, na hakuna hata moja iliyolia. Magumba yalibaki juu kama masikio ya sungura. Nilipomaliza, Bwana Pima-Pima alilaza jicho lake usawa wa meza, akaupima ukuta wa mwisho kutoka ncha hadi ncha. Kisha akawasha sigara nyingine, akasema umenyooka, akamlipa Bwana Simenti ushindi wake kwa kumwinamishia kichwa, kidogo sana, lakini tuliona.

Madamu alisema sheria ni sheria, anayejua hajengi, na mimi nishuke barzani. Hakuna aliyebisha, hata mimi. Halafu akalionyesha kwa kidole sinia la mjomba. “Kapenda,” alisema, “kahawa imepoa. Leta ingine.”

Mjomba aliingia jikoni. Nilipopita nilisikia anamimina maji, na maji yale yalimiminwa muda mrefu kuliko birika linavyoweza kubeba.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Jina lako lilitajwa dakika ileile, kwa kuwa hujui kitu, na ninamwomba Mungu ubaki hivyo. Ndiyo maana utaona nimekuandikia urefu wa ukuta, rula, baridi na masizi, lakini namna ya kuitambua kete moja moja kwa gumba sikuiandika, isipokuwa ndege na ile laini, na hizo hata wewe ungezitambua. Usiniulize mengine. Wakikuambia uzioshe, omba brashi yenye mpini mrefu.

Nilikwenda nyuma ya uwanja. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo wa maharagi magotini, anachambua. Barza haiko mbali, na Madamu haongei kwa kunong’ona, lakini mama alitaka aelezwe na mimi. Nikamweleza yote, tangu nyekundu tatu mpaka kahawa. Nilipofika pale niliposema mjomba hakujua, mkono wake ulisimama juu ya ungo, maana mjomba na dada yake hawafichani kitu, na mama alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba mjomba anajua. Akauhamisha ungo kutoka magotini pake, akauweka magotini pangu, akasimama, akakung’uta nguo.

“Vidole yako iko na macho? Bon. Maharagi ni ile, utoe majiwe. Na ule uongo wa juu ya mujomba yako, nitauungama miye kwa padri. Weye uko na ya kwako mingi.”